Namba Tatu wa Clotilda

Mtaa wa Aggrey saa tano asubuhi hauna nafasi ya mtu kusimama akawaza. Ukisimama unasukumwa, ukisogea unakanyagwa, na muuza kava za simu anakuita dada au bosi kutegemea umevaa nini. Clotilda alivaa gauni la kitenge la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe safi, kwa hiyo aliitwa vyote viwili. Alikuwa mbele ya meza ya fundi simu akingoja kioo kipya. Fundi alipompa simu aijaribu, cha kwanza alichofungua kilikuwa gemu la mpira wa kikapu.

Sura za vijana watano zikajipanga kwenye kioo.

"Mchukue huyo mrefu," sauti ikasema nyuma ya bega lake.

Aligeuka. Kijana mweusi wa kung'aa, fulana ya bluu ina doa la grisi kifuani, macho ameyakaza kwenye simu isiyo yake bila hata chembe ya aibu.

"Nani kakuuliza, kaka?"

"Hakuna. Ila mimi mwenyewe nacheza gemu hilo. Nilidhani niko peke yangu Kariakoo nzima, wenzangu wote wako kwenye mpira wa miguu. Huyo mrefu anafunga balaa."

"Na timu yako inashika nafasi ya ngapi?"

Akakuna kichwa. "Huko huko chini."

Clotilda alicheka mpaka fundi akainua uso. "Ndiyo maana! Unachagua mchezaji wa namba tatu kama mtu wa mtumba, unaangalia rangi kwanza. Namba tatu hafungi tu. Anakaba, anaruka kwenye ribaundi mpira ukigonga ubao, anarudi nyuma mbio wakati wenzake wameshachoka. Huyu mfupi hapa unamwona? Hana makeke, lakini kila kazi anaiweza."

"Umejulia wapi yote hayo?"

"Nilikuwa namba tatu mwenyewe. Sekondari, Songea, mpaka nilipoumia goti."

Kijana aliitwa Pantaleo na aliuza spea za magari Gerezani. Clotilda alikuwa na duka la mashuka na mapazia Mtaa wa Congo. Waliachana pale wakiwa wamepeana namba za simu, na jioni ile ile simu ikaita.

"Mambo, kocha?"

"Poa. Umemchukua mrefu?"

"Nimemchukua mfupi."

"Haya, angalau una masikio."

Wakaanzisha ligi yao, wakamvuta na Zakayo, mwenzake Pantaleo wa dukani. Gemu lenyewe ni la kikapu cha vyuo vya Marekani. Wewe ni kocha wa chuo, na kila msimu unagombea vijana wanaomaliza sekondari. Unapewa safari chache za kwenda kumtembelea kijana kwao, unaweza kuziondoa kabla hajaamua, na kijana huchagua kocha aliyemtembelea zaidi. Ukizimalizia zote kwa mmoja, wengine wamekupita.

Mapenzi yao yaliingia kwa njia hiyo hiyo, ya kutembeleana. Pantaleo alianza kupita Congo kila jioni akisingizia kutafuta pazia, mtu ambaye chumba chake kilikuwa na dirisha moja. Jumamosi walikwenda Feri kula samaki wa kukaanga, yeye akimchambulia miiba, Clotilda akimwambia aache, ana mikono yake. Siku moja pale pale, vidole vikinuka ndimu, Pantaleo alisema anampenda. Clotilda alimjibu kwamba alishajua zamani, alikuwa anangoja tu aone atachukua muda gani. Kisha naye akasema anampenda, na akaona haya kama msichana wa shule.

Msimu uliofuata akatokea namba tatu ambaye kila kocha aliota kumpata. Clotilda alimtaka, Pantaleo alimtaka. Wiki nzima walitambiana kwenye simu.

"Bebi, huyo ni wangu. Tafuta mwingine," Pantaleo alisema.

"Wa kwako kwa lipi? Nimeshamtembelea mpaka mama yake kanizoea."

"Utalia!"

"Tutaona nani atalia."

Mwisho kijana alikwenda kwa Clotilda. Alishangilia dukani peke yake mpaka mteja aliyekuwa anapima shuka akamwuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Kesho yake Zakayo alipita na mfuko wa spea begani. "Shemeji, hongera! Ila yule namba tatu ni sisi tuliokuachia. Pantaleo alikuwa anakuongoza, dakika za mwisho akaondoa safari zake zote. Kaka anakupenda, acha kabisa."

Clotilda hakucheka. Hapo hapo simu yake ikaita. Alikuwa baba yake mkubwa wa Buguruni, aliyemlea tangu alipofika Dar.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, hapa kuna mzee anaitwa Benjamini. Anasema ni mjomba wa kijana mmoja Pantaleo, ametumwa kuleta posa. Wewe una habari?"

"Sina, baba," alisema, akaagana naye. Alikaa juu ya robota la mashuka, akampigia Pantaleo.

"Naam, bebi."

"Usinibebi. Yule kijana uliniachia?"

"Nilijua unamtaka sana. Ni gemu tu, mpenzi."

"Na mjomba wako aliyeko Buguruni sasa hivi, hilo nalo ni gemu?"

"Nilitaka kukufurahisha ghafla. Mjomba alikuwa anapita tu, anarudi Songea, nikaona hii ndiyo nafasi..."

"Nisikilize. Kaka zangu walikuwa wananiachia kila kitu. Karata, bao, mbio. Muacheni dada ashinde! Halafu nilipoumia goti wakakaa kikao wakaamua nisirudi uwanjani tena. Daktari alisema ningepona nicheze. Hakuna aliyeniuliza, Pantaleo. Habari za goti langu nililetewa na jirani. Na leo habari za ndoa yangu naletewa kwa simu."

"Clotilda, nakupenda."

"Hilo sibishi." Akakata simu, akalia kweli kweli, kichwa ndani ya mapazia.

Nitamtetea Pantaleo kidogo. Wanaume wangapi wamefanya hayo hayo na wakashangiliwa kwa vigelegele? Mshenga kutangulia ndiyo desturi, na kumwachia mwanamke ashinde tumeambiwa ni ustaarabu. Lakini kosa lilikuwa lake. Alitaka kumpa Clotilda kila kitu isipokuwa nafasi ya kusema.

Zakayo alimshauri apeleke maua. "Maua ya nini?" Pantaleo alifoka. "Hajasema anataka maua." Akafunga duka mapema, akaenda Buguruni peke yake, akamwamkia baba mkubwa wa Clotilda na kumwambia: "Baba, nimekosea. Nilimtuma mjomba kabla sijamwuliza mwenyewe. Naomba mhesabu hakuja." Mzee akamkaribisha chai. Habari hizo zilimfikia Clotilda, na siku hiyo alikosea kupima pazia la mteja.

Hakujitoa kwenye ligi. Alijiambia ni kwa sababu ya timu. Msimu mpya ulipofunguliwa akamwona namba tatu mmoja mtulivu, mkabaji hasa, akamtembelea mara nyingi kadiri alivyoweza. Alikuwa na hakika naye. Mchana mmoja ujumbe ukaingia: kijana amechagua chuo cha Pantaleo.

Alipiga simu kabla hajakumbuka kwamba wamenuniana.

"Umeninyang'anya!"

"Ndiyo."

"Umezimaliza safari zako zote kwake? Zote?"

"Zote. Namba tatu mzuri kama yule nikuachie? Kwa nini, wewe ni mtoto?"

Clotilda alifura. Kisha akahisi kicheko kikipanda kutoka tumboni, akakizuia kwa kiganja, kikamshinda. Alicheka huku machozi yakimtoka, na upande wa pili Pantaleo naye akacheka kwa woga, hajui kama ameruhusiwa.

"Uko wapi?" Clotilda akauliza.

"Hapa nje ya duka lako. Nimesimama karibu saa nzima, muuza soksi ameanza kunishuku."

Alimkuta ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi, ameloa jasho. Mtaa wa Congo ulikuwa unapiga kelele zake zote, vipaza sauti vikinadi viatu, mkokoteni ukiomba njia. Pantaleo akasogea ili asilazimike kupaza sauti.

"Sijamtuma mtu. Nimekuja kukuuliza wewe. Nataka kukuoa, Clotilda. Ukisema hapana nitaumia, lakini nitaondoka. Ukisema ningoje, nitangoja. Unasemaje?"

Hakumjibu haraka. Alitaka kukaa kidogo ndani ya swali lile, maana lilikuwa lake. Alimtazama yule mtu wa Gerezani mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha, akaona anampenda kuliko alivyowahi kumwambia.

"Mwambie mjomba Benjamini arudi," alisema. "Aje Jumapili baada ya misa. Na umwambie mapema ajiandae, maana wazee wakikaa kuzungumza, mimi sitakuwa jikoni. Nitakuwa nimekaa hapo hapo sebuleni, na neno la kwanza ni langu."