Ndugu wa Najat

Jumamosi ile soko la Tandika lilikuwa limefurika, maana harusi ziliongozana na kila mwanamke wa Temeke alikuwa akisaka nguo. Kondo, fundi feni, alikatiza na feni ya mteja begani, akipiga kelele "Pisha, pisha!", na hapohapo akamvaa dada mmoja aliyebeba bakuli la hina iliyokorogwa. Hina yote ikaishia kifuani kwa Kondo, kwenye shati jeupe jipya kabisa.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo, sista. Yamebaki kwako."

Dada alitaka kununa, akashindwa. Alivaa dera la kijani lenye maua ya njano, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kazi. Ndiye Najat, mpamba maharusi kutoka Kigamboni.

"Doa la hina halitoki hilo," alisema akicheka. "Utakaa nalo mpaka unaoa."

"Basi nipe namba, nikitaka kuoa nikutaarifu."

Akapewa. Mapenzi yakaenda mbio, simu asubuhi, simu jioni, mihogo ya kukaanga wakilishana mbele za watu. Najat akipenda alipenda kwa mikono miwili. Lakini Kondo akichelewa kujibu ujumbe, yuleyule alilia, akatangaza wameachana, kisha jioni akaomba radhi kwa kwikwi. Siku moja alimweleza mwenyewe.

"Kondo, mie nina ishu. Daktari anaiita tatizo la haiba. Mtu akininyamazia kidogo tu, moyo unaniambia keshaniacha, basi najikuta nimewaka. Kila Jumatano naenda kliniki, tunaongea, najifunza kujituliza. Twende wote siku moja? Wananiuliza mtu wangu wa karibu ni nani."

"Tutaenda, laazizi. Kazi zikipungua."

Kazi hazikupungua. Ukweli ni kwamba Kondo aliona aibu. Kliniki ile ni ya wagonjwa wa akili, na mtaani kwao kila mtu analijua geti lake.

Kisha siku moja simu ya Kondo ikaisha chaji akiwa kwa mteja Madale. Najat alipiga, akapiga, akavuka mpaka Temeke, akasimama uani kwa kina Kondo akilia kwa sauti huku majirani wakichungulia. Bi Hamisa, mama yake Kondo, alikuwa na jibu tayari.

"Jini mahaba huyo," alimwambia mwanawe. "Halitaki binti aolewe. Nitaita watu walipunge. We mlete tu, mwambie kuna pilau."

"Mama, mwenzio anatibiwa kwa daktari."

"Daktari anajua majini? Unamtaka au humtaki?"

Kondo alimtaka mno. Basi akadanganya, akiamini anasaidia.

Jumapili Najat alikuja amependeza, dera la zambarau, wanja umekolea, mkononi kikapu cha visheti vya mama mkwe. Kuingia uani akapokewa na moshi wa ubani. Kiti kilikuwa kimefunikwa kitambaa chekundu, na wanawake wamekaa na ngoma mapajani. Pilau haikuwepo.

"Kondo, ulijua?"

"Najat, nisikilize..."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Wote walisubiri apige kelele. Angepiga, wangesema jini limepanda, na ngoma zingeanza. Najat alilielewa hilo. Akavuta pumzi polepole kama alivyofundishwa Jumatano zake, akaweka kikapu miguuni kwa Bi Hamisa.

"Shikamoo, mama. Visheti vyako hivyo, nimepika mwenyewe."

Akatoka. Bi Hamisa alisahau hata kuitikia.

Kondo alipiga simu mpaka akachoka. Ilipokelewa mara moja tu.

"Nilitaka upone, mpenzi."

"Mie nilitaka uniamini. Nilikwambia kwa mdomo wangu ninachoumwa, Kondo. Ukaenda kunitafutia kingine." Simu ikakatwa.

Jumatano Kondo alivaa shati lile lenye doa, akaenda kliniki mapema, akakaa kwenye benchi. Haikupita muda akatokea Zubeda, jirani yao, mwanamke ambaye siri kwake hailali.

"Makubwa! Kondo wa Bi Hamisa! Na wewe fyuzi zimekatika?"

Baraza zima likageuka. Wiki iliyopita Kondo angesema amekuja kutengeneza feni.

"Ziko sawa, da Zubeda," alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimemfuata mchumba wangu. Anatibiwa hapa. Mama nimeshamwambia, kwa hiyo usihangaike."

Nyuma ya Zubeda alikuwa amesimama Najat.

"Mchumba wako nani?"

"Nisamehe. Nilikuonea aibu, nikajificha nyuma ya mama."

"Nitawaka tena, ujue. Simu ikizima nitasema umeniacha. Haliishi kesho hili."

"Najua. Nimekuja kujifunza."

"Na mama?"

"Kanuna. Ila visheti kavimaliza, ananiuliza iliki ile umenunua wapi."

Najat alicheka na machozi yakamtoka palepale. Mlango ukafunguliwa, nesi akachungulia.

"Najat! Leo umekuja na ndugu, au ndiyo kama siku zote?"

Kondo akasimama.

"Wewe ni nani wake?"

Alimgeukia Najat, maana jibu hilo halikuwa lake kulitoa.

Najat aliliangalia lile shati, doa limekaa palepale kifuani. Akamshika mkono.

"Mume wangu mtarajiwa, sista," alisema. "Ila kwanza mfundisheni kutembea na chaja."