Maziwa ya Salamanda

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti nzito na ndevu, nanyi mmeangukia mtu aliyepata wali wake kwa kujiangusha jukwaani kwenye hoteli za chemchemi za moto, huku Okayama milimani, mbele ya wageni waliolewa. Nitaiharibu. Penye kutisha mtanisikia natania. Ni woga tu, msinijali.

Mke wangu Kinue alikuwa na kidonda mguuni. Kisukari. Kilianza kama lengelenge la kiatu, kikala kidole, kikaanza kupanda. Daktari akasema Jumatatu wanakata, chini ya goti.

Ilikuwa Jumamosi.

Jioni mama mkwe, Bi Masuyo, alinipa kapu la figili nikazisuuze mtoni, nyuma ya nyumba. Juu ya figili kulikuwa na kitambaa kigumu cha katani.

"Cha nini hiki, mama?"

"Chini ya ukuta wa mawe, pale maji yalipotulia, yupo salamanda mkubwa, yule kama mjusi wa majini. Msugue mgongo. Akikasirika anatoa maziwa. Mpake Kinue kidondani."

"Yule analindwa na sheria. Watanifunga."

"Wakikufunga tutapumzika na vichekesho vyako." Kisha akanisogelea na kunong'ona. "Lakini leo mtu akipiga hodi bila kutaja jina, usimwitikie. Atakuwa amefuata kilicho chake."

"Na akiwa tarishi?"

"Tarishi hujitaja. Nyamaza tu, mkwe wangu. Jaribu mara moja maishani."

Maji yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Nikapapasa chini ya mawe... nikagusa kitu kilicholegea kama ulimi. Nikakivuta. Kilikuwa na urefu wa mtoto wa chekechea, kichwa bapa, mdomo uliotoka sikio hadi sikio, kama angekuwa na masikio.

Nikasugua.

Akajinyonganyonga mikononi mwangu. Maziwa meupe, mazito, yakamtoka mgongoni, na harufu ikanipiga usoni: pilipili ya milimani, ile tunayonyunyizia samaki wa kuchoma. Tone likaniingia jichoni. Nikalia kama nimefiwa.

"Nisamehe, bwana," nikamwambia. "Sina mwingine. Ni huyo mke mmoja tu."

Akanitazama. Hakuwa na kope.

Figili zilichukuliwa na maji.

Kinue aliponiona naingia na jicho limevimba, akacheka. Kicheko chake lazima niwaeleze. Kilianzia puani, kikakwama, kisha kikatoka kama birika linalochemka. Ndiye mtu pekee bonde zima aliyecheka mizaha yangu bila kulewa.

"We mzee, umepigana na figili?"

"Zimenishinda. Lete mguu."

Maziwa yaliganda juu ya kidonda kama gundi. Harufu ya uozo ikakatika palepale, ikabaki ya pilipili. Kinue akanishika mkono.

"Wasiponikata," akasema, "Agosti nitacheza nawe ngoma ya sikukuu ya kuwapokea wafu."

Akasinzia. Mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga supu. Nje giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia.

Chapa.

Kitu kizito, kilicholowa, kiligonga mlango.

Chapa... chapa.

Mama mkwe akaacha kukoroga. Harufu ya pilipili ikapita chini ya mlango. Kisha sauti, si ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti ya mtu anayesema huku mdomo umejaa maji.

"Hodi..."

Sasa, miaka yote ile jukwaani nilifundishwa jambo moja. Mwenzako akikurushia neno, usiliache lianguke. Hufikirii. Linatoka lenyewe.

"Karibu."

Upawa ukamponyoka mama mkwe.

Mlango haukufunguka. Hatukuona mtu. Lakini kulipokucha tulikuta mchirizi wa maji kutoka kizingitini hadi kwenye godoro la Kinue. Na mchirizi mwingine, wa kurudi.

Wa kurudi ulikuwa mpana zaidi.

Kinue alikuwa godoroni, mzima, amelala chali macho wazi.

Jumatatu daktari alifungua bandeji. Kidonda kimefunga. Nikamwambia yote, hadi ile hodi. Akanieleza kwamba ute wa salamanda unaua vijidudu, lakini una sumu pia. Ukiingia jichoni, huenda mtu akasikia yasiyokuwepo.

"Na mama mkwe wangu aliyesikia pia," nikamuuliza, "tone lilimwingia wapi?"

Akaandika dawa ya jicho.

Agosti imepita. Kinue anatembea kwa miguu yote miwili. Hakucheza. Jioni hukaa mlango wa jikoni, anatazama mto, na ngozi yake inanukia pilipili. Ninamtania. Ninajiangusha chini kama zamani, na kiuno hiki kibovu. Ananitazama tu. Sijamwona akipepesa.

Halafu, chini ya ukuta wa mawe, majini... kicheko kinaanzia puani. Kinakwama. Kinatoka kama birika linalochemka.

Kwa hiyo kila jioni nafungua dirisha, natania hadi sauti inakauka. Mama mkwe anajifunika uso kwa aproni. "Mara moja tu," ananiambia. "Nilikuomba unyamaze mara moja tu."

Wala yule mgeni hakuvunja mlango. Nilimkaribisha mwenyewe, tena kwa sauti ya jukwaani, ile ya kuwafikia hata waliokaa viti vya nyuma.