Pete Kwenye Skrini Tisa

Walikutana kwenye msongamano wa maduka ya vifaa vya umeme, fundi wa televisheni akimkanyaga mshonaji gauni lake la maua.

"Samahani, malkia."

"Malkia hakanyagwi!"

Kucheka kukazaa mapenzi, na miezi minane ikapita kama jana.

Leo ukumbi ulifurika kwa maonyesho ya kumkumbuka Bibi Skrini. Marehemu ndiye wa kwanza mjini kupanga televisheni ukutani na kuiita sanaa. Walimcheka, sasa kila kijana mwenye kamera anajiita mjukuu wake. Fundi alimhudumia mitambo miaka sita.

Mshonaji, kavaa gauni la kijani alilojishonea, alifika mbele ya skrini tisa akaganda. Kwenye zote, mkono wa mwanamume, wenye kovu la moto kwenye kidole gumba, ulikuwa unamvisha mwanamke pete ya ndoa. Kovu lile alilibusu jana!

Simu yake ikaita; alikuwa fundi. "Mpenzi, uko wapi? Nakutafuta."

"Mtafute mkeo."

"Mke gani tena?"

"Uliyemvisha pete kwenye skrini tisa. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajifanya kipofu!"

Fundi alimfikia akihema. "Tazama tena, mpenzi. Tazama kwa jicho la mshonaji."

Alitazama amenuna. Pete ilipokuwa ikiingia, uzi ulijiinua wenyewe kutoka mezani ukajizungusha kidoleni.

"Uzi haujiinui," alisema polepole. "Picha inarudi nyuma!"

"Ndivyo alivyotaka Bibi Skrini. Kidole chake kilivimba, na daktari hakutaka kumpasua akiwa na pete. Nikamvua kwa uzi. Hakuwahi kuivua tangu amzike mumewe. Akasema, 'Icheze kinyume, mwanangu, niione ikirudi.' Kesho yake alifia kwenye upasuaji."

Mshonaji aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Lakini shaka haikumtoka yote.

"Na jana, mbona simu uliipokelea nje?"

"Alikuwa mama."

"Mama anafichwa?"

"Mpigie basi, umuulize."

Fundi alidhani hatathubutu. Mshonaji akaichukua simu ya fundi, akapiga.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mshonaji."

"Marahaba, mwanangu!" Sauti ilijaa furaha. "Kwani ameshakuuliza? Jana nilimgombeza: posa haiendi kwa kusitasita!"

Mshonaji akamgeukia fundi, aliyekuwa akichunguza viatu vyake kama vya mtu mwingine.

"Bado, mama," alisema, machozi yakimlenga. "Lakini yuko hapa, anasikia."