Uzi wa Bibi Stamena

Jogoo aliruka juu ya uzio, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na haikutoka sauti. Nevena, aliyekuwa akianika nepi, alicheka. Alidhani kapaliwa na punje. Nyumba ile ilikuwa na tabia ya kucheka pasipostahili, ndiyo maana yakawafika yaliyowafika.

Wengine jini huwaingia. Hawa walilijengea chumba wenyewe.

Chanzo ni Plamen, mume wa Nevena. Mwanamume ana bafu zima ndani ya nyumba, akaenda kununua beseni la kukaa watu sita, la maji moto na mapovu, akaliweka uani chini ya mizabibu kama mtu aliyeambiwa ananuka. Pampu yake ilinguruma, na sakafu ya zege ikaubeba mngurumo hadi chumbani kwa jirani, Bibi Stamena, mjane mwenye harufu ya majani ya nyanya, maana kutwa alishinda kwenye nyanya zake. Bibi huyu alitaka kitu kimoja tu duniani: saa nane mchana mpaka saa kumi, wakati wa watu kupumzika, asisikie hata kijiko kikianguka. Akisikia, aligonga uzio kwa fimbo, mara tatu.

"Plamen! Unaoga au unasaga mahindi?"

"Naoga, bibi! Njoo nawe ujiroweke!"

"Nitajiroweka kaburini. Zima hilo dude!"

Tuseme kweli, walijaribu. Plamen alitandika mikeka minene ya mpira chini ya beseni, akalifunika kwa kifuniko cha sponji, akaifungia pampu swichi ya saa ili mchana ilale. Lakini umeme wa kijijini ukikatika swichi ile husahau saa, na pampu huamka inapotaka. Bibi Stamena akaapa kwenda kwa meya. Hapo Plamen akamwita mjomba wake Gencho, mwashi wa zamani, aizungushie pampu kibanda cha mawe na kukijaza sufu ya kondoo.

Gencho alichimba msingi, akasimama akijikuna kidevu. "Ukuta bila kivuli hausimami. Baba yangu hakujenga hata banda la nguruwe bila kupima kivuli cha mtu na kukizika chini ya jiwe."

"Na mwenye kivuli?" Nevena akauliza.

"Hufa. Kisha anakaa humo, analinda. Siku hizi tunapima cha kondoo."

Plamen alikuwa na glasi ya rakia mkononi, ile pombe kali ya zabibu, na si ya kwanza. "Kondoo wa nini, mjomba? Pima cha Bibi Stamena! Nani atalinda kimya kumshinda yeye?"

Akacheka. Nevena naye akacheka, mtoto wao Radko kifuani. Gencho hakucheka. "Umesema wewe, mwenye nyumba," akasema, akakata uzi mwekundu, akangoja bibi atoke kumwagilia nyanya. Jua lilikuwa mgongoni mwake, kivuli kikapenya uzio mpaka uani kwao. Gencho akakipima kutoka kichwani hadi miguuni, akaukunja uzi, akaulaza chini ya jiwe la pembe.

Pampu ikanyamaza kana kwamba imekatwa ulimi. Zabibu hazijaiva, karatasi ya msiba yenye picha ya Bibi Stamena ikabandikwa getini kwake. Nevena alikula ngano ya marehemu, ile ya kuchemshwa igawiwayo msibani, akitazama viatu vyake.

Baada ya jogoo, akafuata mbwa: anabweka, mbavu zinacheza, sauti hamna. Kisha kengele za mbuzi. Yote saa nane, yote mpaka saa kumi. Plamen akasema ni hewa nzito. Hewa! Na majira ya baridi yalipoingia, theluji imefunika bustani na mche wa nyanya haupo hata wa dawa, Nevena alipita karibu na kibanda akasikia ile harufu mbichi ya majani ya nyanya, akasimama, na kutoka ndani ya mawe, taratibu, kama mtu asiye na haraka kwa kuwa hana tena pa kwenda, kukagongwa mara tatu.

"Plamen," alinong'ona jikoni, "yumo."

"Nani?"

"Unamjua. Wewe ndiye uliyemwita."

"Ongea polepole," Plamen akasema, naye alikuwa ameshaanza kunong'ona bila kujijua.

Siku iliyofuata, saa nane imeshapita, Nevena alikuwa akikanda unga, mlango wa chumba cha mtoto uko wazi, nyumba imetulia, akashukuru Mungu kwamba Radko kalala, akakanda, akaukunja, akakanda tena, mpaka ile harufu ikampita puani ikielekea chumbani, akalitupa donge la unga akakimbia, akamkuta mtoto mguu umenasa kwenye nguzo za kitanda, uso umeiva, mdomo wazi hadi kooni, machozi yanamwagika hadi masikioni, analia kwa nguvu zake zote, na chumba kizima kimya kama kaburi.

Mtoto anayelia asisikike, siku moja atakufa mlango wa pili na mama yake anakanda mkate.

Alimnasua, akachukua nyundo ya Plamen, akatoka na soksi kwenye theluji. Alipiga. Jiwe likapasuka bila sauti. Akapiga tena, akapiga akipiga kelele, na kelele yake mwenyewe haikumfikia masikioni. Jiwe la pembe likaachia. Akauchomoa uzi, mwekundu vilevile, mkavu, na akaunyoosha.

Ulikuwa mfupi. Bibi Stamena alikuwa mwanamke mrefu. Uzi huu ulimtosha mtoto, utosi hadi kisigino.

Alikuwa ameshawasha kiberiti Gencho alipomshika mkono. Plamen alikuwa amemwita mbio, naye alisimama nyuma, mweupe kama ukuta. Mzee hakuthubutu kusema mpaka saa kumi ilipopita.

"Usiuchome, Mama Radko. Ulikuwa wa bibi. Sasa kajipimia mwingine, na ukiuchoma unamchoma huyo."

"Basi nifanye nini, mjomba?"

"Urudishe. Umwombe radhi. Na mumpe alichotaka tangu mwanzo."

Nevena akaurudisha kwa mkono wake, akapiga magoti. "Tusamehe, bibi. Hutasikia kitu." Akalisukuma jiwe mahali pake. Ndani ya nyumba, Radko akalia, kwa sauti.

Beseni lilimwagwa maji, halijajazwa tena. Kijijini wanaisifu sana nyumba ile: hakuna redio, hakuna mlango unaobamizwa, majirani wazuri ajabu. Radko sasa anatembea. Ikifika saa nane huacha mchezo wake, huweka kidole mdomoni, akawatazama baba na mama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wanyamaze.

Nevena akimbeba kumlaza, hunusa nywele zake. Majani ya nyanya.