Vikombe Vitatu vya Mwalimu

"Chai inapoa, wageni wetu. Ama imekosa sukari?"

Drusilla, mama yake Mokeira, aliuliza kwa mara ya tatu. Mzee Alfayo na mkewe Persis, waliotoka Magwagwa kumposea mwana wao, mwalimu Nyasani aliyeketi kando yao, walivitazama vikombe kama wameonyeshwa nyoka.

"Asante, mama," Alfayo akasema. "Sisi ni Wasabato. Chai hatunywi."

Mokeira, mposwa mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na birika. Kwa baba yake, Nyamongo, mgeni asiyeonja kitu haruhusiwi kutaja posa.

"Mtungi mzima wa busaa nimempa jirani Angwenyi bure," Nyamongo akanguruma, "kwa sababu barua ilisema wageni hawanywi pombe. Sasa hata chai? Mimi mkulima wa majani chai, chai ikataliwe kwangu?"

"Si dharau, Mzee. Ni imani."

"Imani gani?" Drusilla akadakia. "Mwalimu wenu hunywa vikombe vitatu hapa kila Jumapili, na bado hutazama birika!"

Alfayo akamgeukia mwanawe polepole.

"Nyasani?"

Nyasani akatazama viatu vyake.

"Maziwa matupu tutakunywa, mama," Persis akasema haraka, kumwokoa mwanawe.

"Maziwa gani tena? Yote yamo humo ndani ya chai!"

Mokeira akatua birika kwa kishindo, akachukua kibuyu.

"Wewe," akamwambia Nyasani, "njoo ushike ndama."

Zizini, nyuma ya migomba, hakumsubiri apumue.

"Barua nzima ni pombe, pombe. Ulipofika kwenye chai mkono ulichoka?"

"Niliogopa."

"Nani?"

"Mama yako. Siku ya kwanza alinimiminia hata sijaketi. Ningekataaje? Nikanywa. Akaongeza, nikanywa."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu niliomba mwenyewe."

Mokeira nusura acheke. Ng'ombe, asiyezoea kukamuliwa mchana, akarusha teke.

"Shika ndama vizuri! Nisikilize, Nyasani. Siolewi na mtu wa kumkisiakisia. Ingia umwambie baba yako, mbele ya baba yangu. Ukimeza maneno, maziwa haya ni ya paka."

Yalitosha kikombe kimoja tu. Ndani, Nyasani hakuketi.

"Baba, nimekuwa nikinywa chai hapa. Nilikuficha. Na hawa niliwaficha kwamba ninyi hamnywi. Hawana kosa."

Alfayo akanyoosha mkono kwa kikombe cha maziwa.

"Hayo ni ya nyumbani," akasema.

Akapokea kikombe, akanywa fundo moja, akampa Persis. Persis akampa Nyamongo, aliyeyatazama maziwa kwa uchungu wa mtu aliyegawa busaa yake. Akayamaliza, akapangusa midomo.

"Haya. Semeni kilichowaleta."

Walioana Desemba ya mwaka huo, 1966. Sufuria mbili zilichemka jikoni, ya chai na ya maziwa, na Mokeira akaendelea kuchemsha mbili hivyo hivyo kila wageni walipokuja, kwa miaka kumi na miwili.

Siku waliyomzika Nyasani, ua ulijaa watu. Mokeira alipita na birika mbili, akimwuliza kila mtu kabla ya kumimina. Akafika kwa Mzee Alfayo.

"Baba, wewe nikupe nini?"

"Maziwa, mwanangu." Mzee akaelekeza kidole kwenye birika ya chai. "Na vyake mimina pia. Vyote vitatu."