Kitufe cha Droo ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule Nkandu alichota maji bombani, akawasha mkaa, akakoroga uji, kisha akapanda juu ya pipa kufuta vumbi kwenye paneli ya sola iliyolazwa juu ya bati la jikoni. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo aliyoichukia. Mwezi wa Oktoba vumbi la Luanshya, mji wa migodi kule Zambia, halina adabu; ukilifuta na kugeuka kidogo tu, limerudi. Lakini bila paneli ile wasingekula. Umeme wa gridi ulikuja ulipotaka na kuondoka ulipotaka, na mtaa mzima wa Mikomfwa ulikuwa umechoka kuungoja.

Mama yake, ambaye majirani walimwita Mama Nkandu, alikuwa fundi wa redio, simu na karibu kila kitu chenye waya. Juu ya meza yake pale sebuleni palikuwa na sanduku la chuma lenye droo nne, alizozinunua moja baada ya nyingine. Sanduku lilipokea umeme kutoka kwenye betri za sola, na kila droo iliugawa kwa kiasi chake: droo ya simu, ya redio, ya vifaa vikubwa kidogo, na ya majaribio. Kila moja ilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ukikizungusha kulia, volti zinapanda, kushoto, zinashuka. Droo ikiugua, unaichomoa peke yake na zilizobaki zinaendelea na kazi.

Droo ya tatu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kioo chake cha namba kilikuwa kimekufa, kwa hiyo Mama Nkandu alikuwa amepaka alama ya rangi nyekundu pale penye volti kumi na mbili, na kabla ya kuunganisha kitu chochote alipima kwa mita. Nkandu alikuwa ameonywa tangu akiwa mdogo kwamba asiguse vitufe. Kifaa cha volti kumi na mbili kikipewa ishirini na nne za mwisho wa kitufe, mama alisema, hakitakuonya, kitaungua tu.

Aliyeitegemea sana droo hiyo ni Babu Kapembwa wa nyumba ya pili. Alikuwa amefanya kazi mgodini maisha yake yote, na vumbi la huko chini lilikuwa limemharibia kifua. Alikuwa na mashine ndogo iliyogeuza dawa kuwa ukungu, ambao aliuvuta mpaka pumzi ifunguke. Chaja ya mashine hiyo ilipokufa, alianza kuja kila siku kwa Mama Nkandu, akaketi karibu na meza, akavuta dawa yake kwa umeme wa droo ya tatu.

Jumamosi moja mchana joto lilikuwa la kuchosha mwili na roho. Mama alikuwa ameamka mapema mno ili afanye kazi za watu, kwa sababu umeme wa gridi ulirudi kabla ya mapambazuko, na sasa alikuwa sokoni kutafuta vipuri. Nkandu, aliyekuwa amefua tangu asubuhi, alitaka upepo tu. Alichukua feni ndogo ya gari iliyokuwa mezani, akaiunganisha na droo ya tatu. Feni ikazunguka kivivu kama iliyolazimishwa. Akakitazama kitufe. Akakizungusha kidogo, feni ikachangamka. Akakizungusha mpaka mwisho, na upepo ukaja kweli kweli. Akajilaza sakafuni, usingizi ukamchukua.

Alizinduliwa na sauti ya mama getini, akizungumza na Babu Kapembwa. Nkandu aliruka, akachomoa waya wa feni, akairudisha mahali pake, akakimbia kufungua mlango. Kitufe hakukikumbuka.

Siku hiyo Mama Nkandu alikuwa na macho mekundu kwa uchovu. Alimkaribisha babu kitini, akaunganisha mashine bila kuchukua mita wala kutazama alama nyekundu. Kilisikika kishindo kidogo, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni. Babu akaanza kukohoa. Mama alichomoa waya haraka, akamshika mzee mkono na kumtoa nje kwenye hewa.

Nkandu alibaki peke yake na sanduku. Hapo ndipo alipokiona kitufe, kikiwa kimezungushwa mpaka mwisho. Alijua kwamba angeweza kuita, "Mama, ni mimi." Badala yake mkono wake ulikwenda wenyewe, ukakirudisha kitufe kwenye alama nyekundu.

Mama aliporudi alipima droo. Mita ikaonyesha volti kumi na mbili kamili. Akapima tena, akakunja uso. Kama droo ilikuwa inatoa kumi na mbili sasa, na dakika chache nyuma ilikuwa imeunguza mashine, basi umeme wake ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe, na yeye hakupima. Alitoka nje kumwomba babu radhi. Nkandu aliyasikia yote kupitia dirisha, akaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa imeoshwa tayari.

Kuanzia siku ile nyumba ilibadilika. Mama aliichomoa droo ya tatu, akaifungua, akatandaza vipande vyake mezani akitafuta ubovu. Aliijaribu, ikatulia. Akaijaribu tena, ikatulia vilevile, na kutulia huko ndiko kulikomtesa. Mashine ya babu aliogopa hata kuifungua, kwa kuwa hakujua ilipigwa na umeme wa namna gani. Akaanza kuzishuku na droo nyingine. Mtu alipoleta redio, mama aliipima, akaipima upya, kisha akamrudishia bila kuitengeneza.

Jioni moja, wakila nshima, yaani ugali, na dagaa wa kapenta, Nkandu alimsikia akisema, kama anayejisemea, kwamba pengine ameichosha kazi na kazi imemchosha. Afadhali afunge meza auze mkaa. Fundi asiyejua sanduku lake litatoa nini hafai kushika vitu vya watu. Nkandu alilirudisha tonge sahanini.

Shuleni, Mwenya, mjukuu wa Babu Kapembwa, alikuwa akiketi dawati la mbele yake. Wiki ile alilala darasani, kichwa juu ya daftari, mpaka mwalimu akamsimamisha ukutani. Wakati wa mapumziko Nkandu alimfuata.

"Mbona unalala hivyo?"

"Ungekuwa wewe ungelala zaidi," Mwenya alijibu bila hasira. "Kila siku lazima nimpakie babu kwenye baiskeli nimsukume mpaka zahanati akavute dawa. Foleni yenyewe unaijua. Nikitoka huko ndiyo nakuja shule."

Nkandu alichimba vumbi kwa kidole cha mguu.

"Na mama yako," Mwenya akaendelea, "kila tukipita anatoka kutuomba radhi. Babu anasema kuombwa radhi na yule mama kunamchosha kuliko kukohoa. Anamwonea huruma."

Nkandu hakusikia somo lolote lililofuata. Kengele ilipolia alikwenda moja kwa moja nyumbani, asisimame hata kwa mwuza kinywaji cha munkoyo ambako wenzake walimwita. Alimkuta mama ameinama juu ya vipande vya droo, bisibisi mkononi.

"Mama, hiyo droo si mbovu."

"Sasa nani mbovu?" mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi. Niliwasha feni siku ile. Nilikizungusha kitufe."

Bisibisi ilisimama. "Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Lakini mimi nilikuta kumi na mbili."

"Ulipomtoa babu nje, nilikirudisha."

Mama aliiweka bisibisi mezani polepole. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nkandu aliona mabega yake yakishuka, asijue kama analia au anapumzika. Alingoja kofi. Halikuja. Mama alipoinua uso alisema tu, "Niletee mashine ya babu."

Akaifungua. Alieleza huku akifanya kazi, kwa sauti iliyochoka, kwamba mashine ya namna hiyo ina kipande kidogo mlangoni pa umeme, kazi yake ni kuungua ili mota ipone. Kama umeme ungekuwa unaruka ovyo, asingejua umefika wapi ndani. Lakini volti ishirini na nne zilizoingia mara moja zingekutana na mlinzi yule kwanza. Na kweli, kipande kilikuwa cheusi kama punje ya mkaa, na mota ilikuwa nzima. Alikitoa, akachomoa cha kufanana nacho kwenye redio mbovu, akakilehemu. Kisha akaviunganisha vipande vya droo, akairudisha kwenye sanduku, akapima kwa mita, akawasha mashine. Ukungu mweupe ukatoka.

"Tuipeleke," alisema. "Utaongea wewe."

Babu Kapembwa alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, Mwenya akimpepea kwa kipande cha boksi. Nkandu alipiga magoti, akasema yote, pamoja na lile la kukirudisha kitufe. Mwenya aliacha kupepea, akamkazia macho. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapumua kwa shida.

"Basi kesho mwache huyu mwenzako alale," alisema. "Maji anayochota asubuhi utamchotea wewe, mpaka nikuambie basi."

Nkandu aliitikia. Mwenya alisogea kidogo kumpa nafasi ya kupita.

Njiani kurudi, Mama Nkandu alitembea polepole, mkono wake begani mwa binti yake, kama mtu anayeegemea.

"Kukizungusha kitufe lilikuwa kosa la mtoto mwenye joto," alisema. "Hata mimi nilikosea, sikupima. Hayo yanatengenezeka. Lakini ulipokirudisha, ulinifanya nitafute ubovu kwenye droo nzima, nikaukosa, nikaanza kuutafuta ndani yangu. Kosa likifichwa halitulii, Nkandu. Linahamia kwa mtu asiye nalo, na huyo ndiye anayelibeba. Siku nyingine ukiunguza kitu, niite moshi ukiwa bado unatoka."

"Nitakuita, Mama."

Walipofika, mama hakwenda mezani. Alivua viatu, akajilaza kwenye mkeka sebuleni, na kabla Nkandu hajafunga mlango alikuwa ameshasinzia.