Mazuti mu kisima ya Kapata

Kila asubui, mbele ya masomo, mi Bilonda nachota mayi ku kisima ya avenue yetu, hapa Kapata. Ile siku mayi ilinuka mazuti, mafuta ya mashini. Kanku, mutoto ya Mama Mbuyi, alikuwa amesha kunwa. Alitapika mupaka damu.

"Ni Muamba njo alifanya!" Mama Mbuyi alipiga kelele. "Muangalie mikono yake, mafuta kila siku!"

Tata Muamba, jirani yetu, anatengenezaka makinga, baisikeli ya batu. Batu ba avenue balimukokota mu bulongo, balimupika na fimbo, na pompe yake mwenyewe ya kutia upepo mu mipira. Jino ikaruka.

"Ba mama, mi pia ninakunwaka ile mayi!" Muamba alilia.

"Basi ukunwe yote!" Tshilombo, jirani mwengine, alisema. Balimunyanyua, kichwa chini, balimupeleka ku kisima.

Mi nilijua. Siku tatu mbele ya ile, bila kupenda, nilimwanga bidon ya mazuti ya moulin, mashini ya kusaga ya tata yangu, karibu na kisima. Juu ya kuogopa fimbo, nilitia sabuni ya poudre, ile ya unga, na ndoo kumi ya mayi. Bulongo ikabakia safi. Nilifurahi.

Ku masomo, hata mwalimu akiniuliza jina, sauti inakufa. Nilisema, "Njo mi." Hakuna mutu alisikia. Nikajilalisha juu ya mudomo ya kisima. Muamba alikuwa anapigana ajitoe, ngumi yake ikaniangukia mi ku shingo.

"Njo mi! Mazuti ni ya kwetu!"

Balimushusha Muamba. Tata Kisimba, ule anatumika ku concentrateur, fabrike ya kusafisha mawe ya shaba, aliniuliza: "Ulitia nini juu yake?"

"Sabuni, tata."

"Ah, mutoto! Ku kazi, povu njo inabebaka cuivre, ile shaba. Sabuni pia inaachisha mafuta ku bulongo. Lakini ile mayi hukuivuta inje. Ikashuka na mazuti mupaka mu kisima."

Siku ya posho, Jumamosi, ku salongo, ile kazi ya batu bote, avenue nzima tulichimba shimo chini kidogo ya kisima. Tulitia mayi ya sabuni polepole pale nilimwanga mazuti, tukavuta povu nyeusi mu shimo, tukaijaza mu bafût, mapipa. Tulifanya vile myezi mbili. Tata yangu hakunipika, alinipa ndoo. Mama Mbuyi alimupikia Tata Muamba bukari, ugali, akapika magoti kumuomba musamaha. Kanku alipona.

Mayi iliporudi safi, Tata Kisimba aliniambia: "Kosa ukiisukuma chini, mwengine ataikunwa. Itoe inje, batu baione, bakusaidie."

Tata Muamba alikunwa kopo ya kwanza, akacheka na lile pengo ya jino.

"Bilonda, kumbe sauti unayo! Kesho uipeleke ku masomo."